IST yangu inalia wiiii kwenye spika nikikanyaga mafuta: ni ethi, ni alteneta au ni redio?

#1 Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST. Nimetoa redio ya Kijapani nikaweka ya Android, na kwenye buti kuna amplifaya mbili: moja ya chaneli 4 inasukuma spika za milango yote, nyingine ni ya sabufa ya inchi 12. Fundi simtaji, maana hata sijui kosa ni la nani.

Tatizo ni hili. Nikiwasha injini, spika za milangoni zinatoa mlio mwembamba, wiiiii. Nikipiga resi unapanda, nikiachia unashuka, hata sauti ya redio ikiwa sifuri. Injini ikiwa imezimwa na funguo iko ON, kimya kabisa. Sabufa haina shida, inapiga safi. Fundi aliniuzia kichujio cha kufunga kwenye waya wa umeme wa redio. Kimefungwa, na kilichopungua ni hela yangu tu.

La pili: nataka kuongeza mzigo. Usiku bezi ikigonga taa zinapepesa. Mmoja kaniambia kapasita ya farad 1, mwingine betri ya pili. Nianze na kipi?

#2 Mtoto wa Ilala
Ethi hiyo (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), wala usihangaike. Wengi wanafunga juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga boliti, umemaliza.

#3 Waya Mwekundu
RCA (nyaya za sauti kutoka redio kwenda amplifaya) zimepitishwa upande mmoja na waya wa umeme wa betri. Toa zulia, hamishia RCA upande wa pili wa gari. Nimeshaona hiyo kesi mara nyingi.

#4 Mzee wa Spea
Nyie mnaangalia waya. Mlio unafuata injini, chanzo ni alteneta. Dayodi (zinazogeuza umeme wa alteneta kuwa DC, kama wa betri) moja ikifa, umeme unaotoka unakuwa na mawimbi. Shusha alteneta, peleka kwa wanaofunga dayodi, bei ya kawaida.

#5 Mtoto wa Ilala
Mzee wa Spea, kila ugonjwa kwako dawa ni spea 😂 Kama ni alteneta, sabufa ingelia pia. Kasema sabufa safi.

#6 Babu Ohm
Hoja ya #5 haisimami. Krosova (kichujio cha sauti) ya sabufa inakata kila kitu kilicho juu ya hertz 80 au 100. Piga hesabu ya mlio wenyewe: alteneta nyingi za magari haya zina jozi 6 za ncha za sumaku na awamu 3, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unatoa mapigo 36 baada ya dayodi. Injini ikiwa sailensa (haijakanyagwa mafuta) kwenye mizunguko 800 kwa dakika, na puli ikizidisha mara 2.5, alteneta inazunguka 2,000. Hapo mlio uko karibu hertz 1,200. Piga resi 3,000 unafika 4,500. Sabufa yenye krosova ya 80 utaisikia wapi? Hata kelele ikiwa ipo kwenye waya wake, hutaijua.

Lakini na Mzee wa Spea asishangilie. Hata alteneta nzima kabisa ina mawimbi hayo. Swali ni kelele inaingilia wapi kwenye sauti.

Vijana mnapiga ramli. Kabla ya kufumua zulia, pima:

Chomoa RCA zote kwenye amplifaya ya milango (zima amplifaya kwanza, usichomoe ikiwa inafanya kazi), halafu washa injini. Mlio ukibaki, tatizo ni amplifaya, ethi yake au umeme wake. Ukipotea, unakuja na RCA, yaani redio au njia yake.

Ukipotea, chukua simu isiyo kwenye chaji, uiunganishe moja kwa moja na amplifaya. Halafu rudisha redio kwa RCA nyingine uliyoipitisha juu ya siti. Mlio ukibaki hivyo hivyo, Waya Mwekundu kakosa. Ukiondoka, kapata.

Mwisho multimita. DC: ncha moja hasi ya betri, nyingine boliti ya ethi ya amplifaya, muziki uwe mkubwa. Ikizidi volti 0.1, ethi mbovu. AC (ndiyo inayoonyesha mawimbi ya alteneta): kwenye betri, injini inaunguruma, taa na feni vimewashwa. Ikikaribia nusu volti, ndipo umwite Mzee wa Spea.

Na hicho kichujio kinasafisha umeme unaoingia kwenye redio. Kelele ya ethi hailazimiki kupita mlango huo.

#7 NganyaTu254
Wabongo mnapenda hesabu 😂 Huku Nairobi matatu inawekwa spika mpaka kwenye dari na hakuna mtu anasikia wiii, maana volume haishuki kamwe. Suluhisho: ongeza sauti.

#8 Mtoto wa Ilala
Babu Ohm, shikamoo. Ila bado nasema ethi.

#9 Babu Ohm
Marahaba. Endelea kusema, multimita itakujibu.

#10 Bi Mkubwa Chumbageni
Nami niliwahi kusumbuliwa na kitu kama hicho kwenye Raum, kumbe kilikuwa chaja ya simu iliyochomekwa kwenye kiberiti, na simu hiyo hiyo imeunganishwa na redio kwa waya wa AUX. Nikitoa chaja, kimya. Kijana, una kamera ya dashibodi? Una chaja? Una taa za LED ulizobadilisha? Chomoa vitu vya bei rahisi kwanza kabla hujaanza kung'oa gari la watu.

#11 Kijana wa Mbagala
Bi Mkubwa, kamera sina. Taa za mbele nimeweka LED, ndiyo. Lakini mlio upo hata mchana taa zikiwa zimezimwa.

Babu Ohm, asante sana. Jumamosi napima.

#12 Dereva Koasta
Naomba kuingilia. Mimi nina Coaster, umeme wake volti 24. Amplifaya ni ya 12. Fundi kachukua 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Wiii ninayo, na juu yake betri moja inakufa kila mara wakati mwenzake mzima. Kuna uhusiano?

#13 Babu Ohm
Dereva, hiyo ya betri haina ubishi. Unakamua betri moja, alteneta inachaji zote mbili kwa pamoja kana kwamba zinalingana. Unayoikamua haijai, nyingine inachajiwa kupita kiasi. Tafuta kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha amplifaya yako. Ya mlio fungua uzi wako.

#14 Dereva Koasta
Fundi alisema "utanishukuru". Sawa.

#15 Bin Seif wa Unguja
Waungwana, mimi nipo upande wa ethi, lakini si ile ya kwenye buti. Huku kwetu chumvi inakula chuma kimyakimya. Gari ya pwani kagueni waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na ule unaofunga injini na bodi. Ukikuta umefanya unga wa kijani, alteneta inarudisha umeme wake kwa njia za panya, ikiwemo ganda la RCA yako. Mbagala na bahari haviko mbali.

#16 Waya Mwekundu
Point. Ndiyo maana Wamarekani wana ile wanayoiita "Big Three": unaongeza waya mnene kutoka alteneta kwenda chanya ya betri (wenye fyuzi), hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Ya zamani unaiacha, hii unaiongeza juu yake. Kijana, ukifanya hiyo umegusa mlio na taa kupepesa kwa mpigo mmoja.

#17 Mtoto wa Ilala
Tumia gauge 4, yaani milimita 4 za mraba, ipo kila duka la umeme.

#18 Babu Ohm
Hapana!!! Gauge 4 ni milimita 21 za mraba. Milimita 4 ni waya wa nyumbani, utauunguza. Gauge 8 ndiyo karibu milimita 8.4. Ukikosa gauge 4 ya kweli, nunua waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita 25, ni shaba, unapinda vizuri, na unauzwa kwa mita.

Na vile vifurushi vya waya vyenye maandishi makubwa ya gauge 4, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene huo. Na baadhi yao unene wenyewe ni plastiki.

#19 Kijana wa Mbagala
Nimekwangua. Nyeupe 😭

#20 Babu Ohm
Pole. Fyuzi ya waya huo iko wapi?

#21 Kijana wa Mbagala
Kwenye buti, karibu na amplifaya.

#22 Babu Ohm
Basi acha habari za mlio. Waya unapita kwenye tundu la chuma chini ya dashibodi bila fyuzi mbele yake. Siku mpira ukikatika, betri nzima inamimina umeme kwenye bodi na hakuna cha kuuzuia. Fyuzi inalinda waya. Iweke si zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Leo, si Jumamosi.

#23 Bi Mkubwa Chumbageni
Naunga mkono. Hili si la mzaha.

#24 Fundi Masanduku
Nimekuja kwenye swali la pili, mana nyote mmelisahau. Kapasita ya farad 1: kati ya volti 14.4 na 12 inatoa jouli 32 hivi. Amplifaya inayovuta wati 1,000 inazimaliza kwa sekunde 0.03. Hiyo haifiki hata nusu ya pigo moja la bezi la mkono mzito. Taa inayoonyesha volti juu ya kapasita ndiyo wanayoilipia watu.

Na kuongeza wati? Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Boksi lako limetengenezwa na nini?

#25 Kijana wa Mbagala
Lilikuja na sabufa, la kununua. Limefungwa, halina tundu.

#26 Fundi Masanduku
Hapo ndipo hela yako iende. Boksi la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) la milimita 18, ujazo kufuata karatasi ya sabufa, na tundu lililopimwa. Utashangaa unavyohitaji wati chache zaidi. Halafu milango: bandika lami za kuzuia mtetemo, ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Spika ya mlangoni inapiga mbele na nyuma, mlango ukiwa na matundu mawimbi yanafutana. Watu wanabadilisha spika wakati mlango ndio mbovu.

#27 Mzee wa Spea
Boksi halizuii taa kupepesa. Alteneta za magari madogo kama IST nyingi ziko ampea 70 mpaka 100. Amplifaya ya wati 1,000 halisi kwa ufanisi wa asilimia 80 inataka ampea 89 kwenye volti 14. Bado taa, feni, pampu ya mafuta na injini yenyewe. Anahitaji alteneta kubwa. Betri ya pili bila alteneta ni mkopo, utalipa tu.

#28 Fundi Masanduku
Hizo 89 ni za mlio mmoja usiokatika. Muziki wa kawaida wastani wake ni theluthi au chini ya hapo. Na amplifaya yake si ya wati 1,000. Kijana, soma fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya ya sabufa.

#29 Kijana wa Mbagala
Juu imeandikwa wati 5,000. Fyuzi ni mbili za ampea 30.

#30 Fundi Masanduku
Ampea 60 mara volti 14.4 ni wati 864 zinazoingia. Zinazotoka, ukiwa na bahati, 690. Hizo 5,000 zipo kwenye karatasi ya boksi tu.

#31 NganyaTu254
😂😂😂 hiyo 5,000 ni namba ya chasi. Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki huku Nairobi, ziko mpaka za 8,000.

#32 Saidi Maskati
Salaam kutoka Oman. Kwa uzoefu wa huku kwenye joto kali, angalia amplifaya imefungwa wapi. Nyuma ya siti chini ya zulia inachemka, inajizima yenyewe kujilinda, watu wanadhani ni umeme. Kingine: "geini" ya amplifaya si kitufe cha sauti, ni cha kuilinganisha na redio. Ikiwekwa juu kabisa, kelele ndogo ya redio inakuzwa pamoja na muziki. Kijana, geini yako iko wapi?

#33 Kijana wa Mbagala
Mwisho kabisa 🙈 Fundi alisema ndiyo inatoa nguvu zote.

#34 Saidi Maskati
Ishushe. Njia rahisi: redio iweke robo tatu ya sauti, ikwalaiza sifuri, chomoa spika, piga toni ya hertz 1,000 kwa spika za mlangoni au 50 kwa sabufa, na pima volti za AC kwenye kutokea. Volti unazotaka ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 75 kwa omu 4 ni kipeuo cha pili cha 300, volti 17.3. Sabufa ya wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6. Ukifika hapo, acha.

#35 Mtoto wa Ilala
Sasa mlio umegeuka darasa la form four. Mkuu, umepima au hujapima?

#36 Kijana wa Mbagala
Nimepima. Kwanza, fyuzi nimeweka karibu na betri, Babu Ohm upumzike.

RCA zikitoka kwenye amplifaya: kimya. Simu moja kwa moja kwenye amplifaya: kimya. RCA nyingine juu ya siti kutoka redio: mlio upo, ila mdogo kidogo, au masikio yangu. Ethi ya buti na hasi ya betri, muziki mkubwa: volti 0.4. Injini sailensa, muziki umezimwa: 13.9 kwenye betri. Bezi ikigonga inashuka mpaka 12.3.

Ya AC sasa ndiyo imenitisha. Inasoma volti 29!! Alteneta imekufa?

#37 Mzee wa Spea
NILISEMA.

#38 Babu Ohm
Subiri Mzee wa Spea, usishushe alteneta ya mtu. Kijana, multimita yako ni ile ya njano ya bei poa? Geuza nyaya zake, nyekundu kwenye hasi.

#39 Kijana wa Mbagala
Ndiyo ya njano. Nimegeuza, inasoma 0.

#40 Babu Ohm
Haijapima chochote basi. Hizo za bei poa kwenye AC hazizuii DC, zinaisoma na kuizidisha mara mbili na kidogo. 13.9 inakuwa 29 au 30. Weka kapasita ndogo ya maikrofaradi 1 kwenye waya wa kipimo, DC itabaki nje, au azima multimita nzuri. Mpaka hapo hatujui kitu kuhusu dayodi.

#41 Mtoto wa Ilala
Ila 0.4 kwenye ethi tumeiona wote. Mniandalie soda.

#42 Waya Mwekundu
Na mlio ulipungua RCA ilipohamia juu ya siti. Soda mbili.

#43 Babu Ohm
Ulipungua, haukuondoka. Kijana, kuna kipimo kimoja zaidi. Kuna redio ambazo ethi ya RCA inapitia kifyuzi kidogo au njia nyembamba kwenye saketi. RCA ikichomekwa umeme ukiwa umewashwa na ethi ya redio ikiwa imelegea, hicho kinaungua, na ganda la RCA linabaki hewani likitafuta ethi kupitia amplifaya. Chukua kipande cha waya, gusisha ganda la RCA nyuma ya redio na bodi ya chuma ya redio hiyo hiyo. Mlio ukikatika, nimejua.

#44 Mgeni Jijini
Samahani kutoka nje ya mada. Redio yangu ya Kijapani inaishia 90 FM, nimefungiwa kile kiboksi cha kuongeza masafa, kinanguruma. Ndiyo tatizo hili?

#45 Bi Mkubwa Chumbageni
Siyo hili, mwanangu. Japani masafa yao ya FM yalianzia 76 mpaka 90, baadaye wakaongeza mpaka 95, sisi tunaenda mpaka 108. Kiboksi kinashusha stesheni zetu ziingie kwenye masafa yao, na vingi vina kelele zao wenyewe. Nunua redio nyingine, acha kiboksi.

#46 Mgeni Jijini
Asante mama.

#47 NganyaTu254
Na ile "trrt trrt trrt" kabla simu haijaita kwenye spika? Hiyo pia ni ethi, Mtoto wa Ilala? 😂

#48 Babu Ohm
Hiyo ni kitochi chako cha 2G. Simu hizo zinarusha mawimbi kwa mapigo 217 kwa sekunde, waya wowote wa sauti usio na kinga unayadaka. Sogeza simu.

#49 Kijana wa Mbagala
Wakuu, nimerudi.

Nimegusisha ganda la RCA na bodi ya redio. Mlio umeshuka sana, lakini haukufa. Nimekwangua ethi ya buti kwa msasa, nimefunga waya wa milimita 25. Sasa 0.05. Mlio ukashuka tena. Geini nimeshusha kama alivyosema Saidi Maskati, sailensa siusikii kabisa. Nikipiga resi 3,000 bado upo kwa mbali.

Halafu nimegundua jambo: nikiwasha taa kubwa, unarudi wote. Nikizima, unapotea.

#50 Bi Mkubwa Chumbageni
Niliuliza taa za LED toka #10. Naomba heshima yangu.

#51 Mzee wa Spea
Taa zikiwaka alteneta inabeba mzigo zaidi, mawimbi yanaongezeka. Dayodi!

#52 Bin Seif wa Unguja
Au ethi ya mbele ya gari, ile inayoshirikiwa na taa. Amekagua waya wa injini na bodi? Hajatwambia.

#53 Waya Mwekundu
Rudisha balbu za kawaida za halojeni kwa usiku mmoja. Mlio ukibaki, Bi Mkubwa kakosa, wamebaki Mzee na Bin Seif.

#54 Kijana wa Mbagala
Za zamani nilimpa shemeji. Nitamfuata Jumapili. Waya wa injini na bodi sijaugusa, uko chini, unahitaji kunyanyua gari.

Fundi Masanduku, boksi nimeamua. Naanza na MDF na lami za milango, kapasita sinunui. DSP (kifaa cha kuchakata sauti kidijitali) je? Nasikia inaweka sauti mbele ya dereva.

#55 Fundi Masanduku
DSP ni kitu kizuri lakini ni ya mwisho. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha spika iliyo karibu nawe. Sauti inakwenda sentimita 34 kwa milisekunde. Spika ya kulia ikiwa karibu nawe kuliko ya kushoto kwa sentimita 40, unaichelewesha milisekunde 1.2 hivi. Ukiiweka kwenye mlango unaotetemeka, unapanga mtetemo kwa ustadi.

Niandikie namba ya sabufa na ujazo wa buti unaokubali kupoteza, nikupe vipimo vya boksi.

#56 Mtoto wa Ilala
Usipoteze buti yote, utabeba wapi magunia ya shemeji akikurudishia balbu 😂

#57 Dereva Koasta
Wakuu, kibadilishi cha 24 kwenda 12 nimekipata, kimeandikwa ampea 60. Nacho hizo ampea ni za kwenye karatasi au za kweli?